Malaria ya Ubongo na Uwezo wa Mtoto Kujifunza: Mambo ya Kujua kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha huketi nasi na kutueleza waliyoyaona madarasani. Miongoni mwa maelezo yanayojirudia ni yale ya mwanafunzi "aliyebadilika". Mtoto huyo alikuwa akifanya vizuri, akaugua malaria kali, akalazwa siku kadhaa, akapona na kurudi shuleni. Lakini tangu arudi hasikilizi somo hadi mwisho, husahau alichoagizwa muda mfupi uliopita, na alama zake zimeshuka. Mara nyingi mwalimu wa darasa huwa amekwisha kutoa hukumu: mtoto ni mvivu, au alidekezwa mno alipokuwa mgonjwa. Mara nyingine hata fimbo imekwisha kutumika.

Wapenzi wasomaji, sisi si madaktari, na makala hii haikusudii kumfanya mwalimu wa Kiswahili awe daktari. Hata hivyo, katika hospitali ya Mulago hapa Kampala umefanyika utafiti mkubwa kuhusu jambo hili hili, na matokeo yake yanamhusu mwalimu moja kwa moja. Tunaeleza hapa jinsi malaria inavyoudhuru ubongo, jinsi mwili unavyojidhuru wenyewe unapojilinda, watafiti waliyoyagundua kuhusu akili za watoto waliopona, na mwisho yale ambayo mwalimu anaweza kuyafanya akiwa na chaki tu mkononi.

Malaria ya ubongo ni nini?

Malaria ya ubongo ndiyo sura mbaya kuliko zote za malaria inayosababishwa na kijidudu kiitwacho Plasmodium falciparum. Kijidudu hiki huingia mwilini kwa kuumwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi, hukaa kwanza kwenye ini, kisha hutoka na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe iliyoingiliwa hubadilika ngozi yake ikawa yenye kunata. Badala ya kuteleza na damu kama kawaida, hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo, na mingi ya mishipa hiyo imo kichwani. Chembe zikijibandika kwa wingi njia hufinyika, na sehemu za ubongo hukosa hewa ya oksijeni na sukari ya kutosha.

Mtoto aliyefikwa na hali hii hupata homa, aghalabu hufuatwa na degedege, kisha hupoteza fahamu. Madaktari hupima kina cha kupoteza fahamu kwa kipimo kilichotungwa Blantyre, Malawi, chenye alama kuanzia 0 hadi 5. Hutazama kama mtoto anafuata kitu kwa macho, kama analia ipasavyo anapoumizwa kidogo, na kama anauondoa mkono pale unapobanwa. Mtoto mwenye alama 2 au chini yake, mwenye vijidudu vya malaria katika damu, na ambaye hakuonekana na sababu nyingine kama vile homa ya uti wa mgongo au upungufu wa sukari, huhesabiwa kuwa na malaria ya ubongo. Daktari mwenye kifaa cha kutazamia ndani ya jicho anaweza pia kuona mabaka meupe na madoa ya damu nyuma ya jicho. Jicho hapo huwa kama dirisha la ubongo, kwani yanayotokea katika mishipa yake hufanana na yanayotokea kichwani.

Ugonjwa huu huua. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, malaria ya aina zote iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, na 95 katika kila 100 kati yao walikuwa wa bara letu la Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa malaria ya ubongo hasa, hata pale penye matibabu mazuri, takriban watoto 15 hadi 20 katika kila 100 hufariki. Waliobaki huamka, wengi wao baada ya siku moja au mbili, wakaomba uji, wakacheka na mama zao na kwenda nyumbani kwa miguu yao wenyewe. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba wengi wa hawa wamepona kabisa.

Uvimbe na inflamesheni

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwenye suala la istilahi, kwani ni kazi yetu. Katika Kiswahili cha kila siku twasema mguu ulioteguka umevimba, jipu limevimba, na ubongo umevimba. Lakini madaktari hutenga mambo mawili. La kwanza ni kuongezeka kwa ukubwa kwa sababu ya maji yaliyojaa mahali pasipo pake. La pili ni mwitiko wa kinga ya mwili dhidi ya adui au dhidi ya jeraha. Mwitiko huu ukitokea kwenye ngozi huonekana kwa wekundu, joto, maumivu na uvimbe. Yaani uvimbe ni mojawapo tu ya dalili zake, wala si jambo lenyewe. Ili tusichanganye, katika makala hii tunatumia neno "uvimbe" kwa jambo la kwanza, na neno la kukopa "inflamesheni" kwa la pili. Msomaji atakayependekeza neno la Kibantu linalofaa zaidi tutalipokea kwa furaha, mradi litenge mambo haya mawili.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Vijidudu vya malaria haviingii ndani ya nyama ya ubongo. Hubaki ndani ya mishipa ya damu. Je, ubongo huumizwaje na adui asiyevuka mlango? Sehemu ya jibu ni ule ukosefu wa oksijeni na sukari tulioutaja. Sehemu nyingine ni inflamesheni. Kinga ya mwili inapotambua vijidudu hutoa kemikali za kupeana habari ziitwazo saitokini. Mojawapo inayojulikana sana ni ile iitwayo kwa kifupi TNF. Saitokini ni kama mbiu ya mgambo: huita askari wa mwili waje vitani. Mbiu ikipigwa kwa kiasi, adui hushindwa. Ikipigwa kupita kiasi, askari huharibu mji waliokuja kuulinda.

Kwa kawaida ubongo una ulinzi wa pekee. Kuta za mishipa yake zimeshonana sana hivi kwamba vitu vingi vilivyomo katika damu haviwezi kupenya. Katika malaria ya ubongo kizuizi hiki baina ya damu na ubongo hulegea. Maji hupenya na kuleta uvimbe, na ishara za vita huwafikia walinzi wakaazi wa ubongo, yaani seli ziitwazo mikroglia. Seli hizi zikiamshwa hutoa saitokini zake zenyewe. Hivyo vita vilivyoanzia ndani ya mishipa huendelezwa ndani ya ubongo, penye seli za neva zinazotunza kumbukumbu na kuongoza umakini.

Uvimbe ndio unaoua kwa haraka. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Blantyre, wakiongozwa na Karl Seydel na Terrie Taylor, walichapisha matokeo ya kuwapiga watoto picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Kati ya watoto 168 wenye malaria ya ubongo walifariki 25. Katika hao 25, watoto 21 walikuwa wamevimba ubongo vibaya walipofikishwa hospitalini. Katika 143 waliopona, waliokuwa na hali hiyo ni 39 tu. Fuvu la kichwa halitanuki. Ubongo ukivimba hukandamiza shina lake, na hapo ndipo yalipo mamlaka ya kupumua. Jambo la kutia moyo ni kwamba katika wengi waliopona uvimbe huo ulipungua upesi. Inflamesheni, kwa upande wake, ndiyo inayotupeleka kwenye swali la darasani: je, mtoto aliyenusurika amebakiwa na nini?

Utafiti wa Mulago

Swali hili lilishughulikiwa na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani, wakiwemo Paul Bangirana, Robert Opoka, Richard Idro, Michael Boivin na Chandy John. Walichukua watoto wa umri wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa Mulago kwa malaria ya ubongo, wakawalinganisha na watoto waliougua malaria ya kawaida na watoto wazima.

Namna walivyowachagua watoto wazima inastahili kusifiwa. Hawakutafuta viwango vilivyowekwa kwa watoto wa Ulaya au Marekani. Walichukua watoto wa familia au ujirani ule ule walikotoka wagonjwa, kwa sababu mtoto anayeishi nyumba moja na mwenzake hula chakula kile kile, husikia lugha ile ile na husoma katika mazingira yale yale. Tofauti ikionekana baina yao ni vigumu kuilaumu hali ya umaskini peke yake.

Mwalimu wa lugha ataelewa upesi umuhimu wa jambo hili. Chukua jaribio mashuhuri la kumtaka mtoto arudie tarakimu alizosomewa. Kadiri maneno yanavyokuwa marefu, ndivyo kichwa kinavyoweza kubeba machache. Tarakimu za Kiingereza kuanzia moja hadi tisa karibu zote zina silabi moja moja, ilhali zetu za Kiswahili, kama vile tatu, tano, sita na saba, zina silabi mbili au zaidi. Mtoto anayerudia "saba, tatu, nane, sita" amebeba mzigo mzito kuliko mwenzake wa London, wala haina maana kwamba ana akili ndogo.

Majaribio yaliyotumika yalipima mambo kadhaa. Mtoto aliigiza mfuatano wa ishara za mkono, alirudia tarakimu, na alipanga pembetatu ili apate umbo aliloonyeshwa. Ili kupima umakini, aliketi mbele ya kompyuta iliyotoa maumbo mengi yanayochosha, naye akatakiwa abonyeze kitufe pale tu linapotokea umbo fulani. Kazi hiyo ni nyepesi kwa dakika moja, lakini inahitaji utulivu mkubwa inapoendelea kwa muda mrefu.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2007. Miezi sita baada ya kutoka hospitalini, watoto 21.4 katika kila 100 waliougua malaria ya ubongo walikuwa na upungufu katika utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri, kukumbuka na kuzingatia. Miongoni mwa watoto wazima waliokuwa na upungufu kama huo ni 5.8 katika kila 100. Mapengo yalionekana hasa katika umakini na katika kumbukumbu tendaji. Hii ya pili ni ile kumbukumbu inayoshikilia jambo kwa muda mfupi huku akili ikilifanyia kazi, kama mtu anayekumbuka bei za vitu vitatu sokoni huku akizijumlisha.

Wengi walitumaini kwamba muda ungeziba mapengo hayo. Watafiti wakawafuata watoto wale wale hadi miaka miwili, na mwaka 2008 wakatoa taarifa nyingine. Wenye upungufu sasa walikuwa 26.3 katika kila 100, dhidi ya 7.6 katika kila 100 ya watoto wazima. Kwa maneno mengine, takriban mtoto mmoja katika kila wanne waliopona alikuwa bado na tatizo baada ya miaka miwili, ingawa nyumbani na shuleni alihesabiwa kuwa mzima.

Ndipo linapoingia suala la inflamesheni. Watoto walipokuwa wamelazwa, madaktari walikuwa wamewatoa maji ya uti wa mgongo ili kuhakikisha hawana ugonjwa mwingine. Maji hayo huoshea ubongo, na ndani yake watafiti walipima saitokini. Mwaka 2008 walieleza kwamba kadiri kiwango cha TNF katika maji hayo kilivyokuwa juu wakati wa ugonjwa, ndivyo alama za mtoto katika umakini na kumbukumbu tendaji zilivyokuwa chini miezi sita baadaye. Uhusiano wa namna hii haututhibitishii peke yake kwamba TNF ndiyo iliyofanya uharibifu, kwani huenda mtoto mwenye TNF nyingi alikuwa ndiye mgonjwa zaidi kwa kila hali. Lakini ulionyesha kuwa moto uliowaka ndani ya ubongo na mapengo ya darasani ni mambo yanayokwenda pamoja.

Tafiti zilizofuata zimepanua picha hii. Mwaka 2014 kundi hilo lilionyesha kuwa watoto wadogo walioishiwa damu vibaya kwa sababu ya malaria, hata kama hawakupoteza fahamu, nao hubaki nyuma katika utambuzi. Mwaka 2019 ilielezwa kwamba watoto ambao figo zao zilidhurika wakati wa malaria kali wako katika hatari zaidi. Na mwaka 2021 ilichapishwa taarifa kuwa kiwango kikubwa cha tau, protini inayovuja kutoka katika seli za neva zilizoumia, kikipimwa katika damu kinahusiana na vifo na pia na upungufu wa muda mrefu. Kipimo cha damu, kikithibitika, kitasaidia sana, kwani kitawaonyesha madaktari mapema ni mtoto gani wa kufuatiliwa.

Kwa nini moto huu hauzimwi kwa urahisi?

Msomaji atauliza: ikiwa inflamesheni ndiyo inayodhuru, kwa nini mtoto asipewe dawa ya kuituliza? Swali hili ni la haki, na watafiti walilijaribu zamani. Majibu yaliwashangaza.

Mwaka 1982 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanyika Thailand kwa wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo. Nusu walipewa deksamethasoni, dawa ya steroidi yenye nguvu ya kutuliza inflamesheni. Haikuokoa maisha ya zaidi. Badala yake waliopewa walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi na walipata madhara mengine mengi. Mwaka 1996 ikafuata taarifa ya Gambia. Humo watoto 610 walishirikishwa, na baadhi yao walipewa kingamwili iliyotengenezwa ili kuikamata TNF yenyewe. Homa ilishuka upesi, lakini vifo havikupungua. Zaidi ya hayo, waliobaki na ulemavu wa neva walikuwa 6.8 katika kila 100 ya waliopewa kingamwili, dhidi ya 2.2 katika kila 100 ya wenzao. Mulago nako ilijaribiwa manitoli, dawa ya kunyonya maji ya uvimbe, kwa watoto 156. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 hayakuonyesha faida.

Twajifunza nini? Kwanza, ile ile saitokini inayoumiza ubongo ndiyo inayosaidia kuviua vijidudu. Ukimnyang'anya askari silaha kwa kuwa amevunja dirisha, adui naye hubaki na nguvu. Pili, mgonjwa anapofika hospitalini akiwa hana fahamu, mengi huwa yamekwisha kutokea. Kilichookoa maisha hadi sasa ni kuviua vijidudu kwa haraka zaidi. Katika jaribio kubwa lililofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, watoto 5,425 wenye malaria kali walipewa ama kwinini ama artesuneti ya sindano. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa waliofariki kwa kwinini walikuwa 10.9 katika kila 100, na kwa artesuneti 8.5 katika kila 100. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Kuhusu kuirudisha akili iliyopungua, Bangirana na wenzake walijaribu mazoezi ya kompyuta. Watoto walicheza michezo ya kukumbuka na kuzingatia, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Mafanikio yalionekana katika baadhi ya majaribio, si katika yote. Haya yanatuonyesha kwamba ubongo wa mtoto bado hufundishika baada ya ugonjwa, lakini pia kwamba hakuna dawa ya mkato.

Lugha nayo huathirika

Kwetu sisi wa idara ya lugha, matokeo ya Kilifi, pwani ya Kenya, yana uzito wa pekee. Watafiti wa huko walipima lugha ya watoto waliowahi kuugua malaria ya ubongo wakiwalinganisha na watoto wasiowahi kuugua malaria kali. Katika taarifa yao ya mwaka 2006, zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi ya waliougua alikuwa na kasoro ya lugha, ilhali kwa wenzao walikuwa takriban wawili katika kila 100. Watoto waliopata malaria pamoja na degedege kali, hata bila kupoteza fahamu kwa muda mrefu, nao waliathirika.

Hapa yafaa tuliseme neno degedege waziwazi. Kwa baadhi ya jamii za pwani neno hili halikutaja dalili tu bali ugonjwa wenye asili yake, unaohusishwa na dege au pepo anayempitia mtoto. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 zilieleza kuwa wazazi waliojua vizuri malaria hawakuihusisha na degedege, kwa hiyo walianza kwa mganga na hospitali ikaja baadaye. Saa zilizopotea njiani ni saa ambazo moto ulikuwa ukiwaka. Mwalimu wa Kiswahili anapolifundisha neno hili, na aongeze sentensi moja: mtoto mwenye homa akishikwa na degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili katika darasa la Kiswahili

Upungufu wa umakini na wa kumbukumbu tendaji hauonekani usoni. Huonekana katika kazi. Chukua imla. Mwalimu anasoma sentensi, na mwanafunzi anatakiwa kuishika yote kichwani huku mkono ukiandika neno la kwanza. Mwenye kumbukumbu tendaji dhaifu huandika maneno matatu ya mwanzo vizuri, kisha huacha pengo au huandika neno la mwisho tu alilolisikia. Chukua upatanisho wa kisarufi. Ili aseme "Vitabu vyangu vyote vipya vimepotea", mtoto hubeba alama ya ngeli kutoka nomino hadi kitenzi. Mwenye tatizo huanza na "vitabu vyangu" na kumaliza na "imepotea", si kwa kutojua kanuni bali kwa kuwa mwanzo wa sentensi umekwisha kumtoka. Katika ufahamu husoma aya yote kwa sauti bila kosa, lakini akiulizwa nani alifanya nini hana jibu.

Hata hivyo tunatoa tahadhari. Kwa wanafunzi wengi wa nchi hii Kiswahili ni lugha ya pili, ya tatu au hata ya nne, na makosa ya ngeli ni ya kawaida kwa kila anayejifunza. Kosa la ngeli si ugonjwa. Dalili ya kuzingatia ni mabadiliko: mtoto aliyekuwa akiweza sasa hawezi, na hawezi si katika Kiswahili tu bali katika hesabu, katika maagizo ya nyumbani, na hata anaposimulia jambo kwa lugha ya mama yake. Mwalimu akiona hivyo, swali la kwanza liwe: je, mtoto huyu aliwahi kulazwa kwa malaria, kupata degedege au kupoteza fahamu?

Mwalimu afanye nini?

Yafuatayo hayahitaji fedha wala vifaa. Kwanza, mtoto akae mbele, mbali na dirisha na mlango. Pili, maagizo yawe mafupi, moja kwa wakati mmoja, na mtoto ayarudie kwa maneno yake kabla ya kuanza. Tatu, imla igawanywe katika vipande vya maneno matatu au manne, kisha viongezwe kidogo kidogo kadiri anavyoweza. Nne, jedwali la ngeli libandikwe ukutani na aruhusiwe kulitazama, kwani kinachopimwa ni matumizi ya lugha, si uwezo wa kubeba mzigo kichwani. Tano, kazi ndefu ikatwe kwa mapumziko mafupi. Sita, mzazi aitwe kwa mazungumzo ya heshima na aelezwe kuwa mtoto hajafanya ukaidi.

Zaidi ya hayo, mtoto apimwe masikio na macho, kwani malaria kali inaweza kuathiri vyote viwili. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache mara kwa mara, au anayeanguka na kutikisika bila homa, apelekwe hospitali, maana baadhi ya waliougua malaria ya ubongo hupata kifafa baadaye, na kifafa kina dawa. Fimbo haina nafasi hapa. Haijawahi kuongeza kumbukumbu ya mtu, nayo humfanya mtoto aogope shule ambayo ndiyo mahali pa kumfanyisha mazoezi akili yake.

Hitimisho

Malaria ya ubongo huanza kwa mbu mmoja, lakini gharama yake huweza kulipwa darasani miaka mingi baadaye. Kinga bado ni bora kuliko tiba. Neti iliyotiwa dawa, matibabu ya mapema, na sasa chanjo, ambayo Uganda ilianza kuitoa kwa watoto wadogo mwezi Aprili 2025, vitapunguza idadi ya watoto watakaofika Mulago bila fahamu. Lakini wapo waliokwisha kufika, wakaamka, wakarudi shuleni. Hao tunao madarasani leo.

Tunawaomba wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao wachukue nakala ya makala hii pamoja na maandalio yao ya somo. Wakikutana na mtoto "aliyebadilika", waulize historia yake kabla ya kumpa jina. Akija mtoto wa namna hiyo katika darasa la mmoja wenu akaweza, baada ya wiki kadhaa, kuandika sentensi nzima ya imla bila pengo, tafadhali tuandikieni mlivyofanya, nasi tutawashirikisha wengine katika toleo litakalofuata.